Gego la mtoto limetoboka: dawa ya fedha, kuziba, kofia ya chuma au kung'oa?

Mzazi akiambiwa kuwa gego la mtoto wake wa miaka minne limetoboka, mara nyingi husikia kauli mbili zinazopingana: "ling'oeni tu, ni jino la utotoni", au "lazima lizibwe leo". Zipo njia nyingine kati ya hizo mbili, kama kupaka dawa yenye madini ya fedha au kulivalisha jino kofia ya chuma, na kila moja ina mahali pake. Ukubwa wa shimo peke yake hauamui. Yanayoamua ni mambo matatu: kama kiini cha jino, yaani sehemu ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu, bado ni kizima; jino limebakiza miaka mingapi kabla ya kung'oka lenyewe; na mtoto anaweza kutulia kwenye kiti kwa muda gani.

Kwa nini kusubiri ling'oke si jibu

Meno ya utotoni ni 20. Yale ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, na hiyo ndiyo hali wanayoikumbuka watu wengi. Magego hukaa zaidi: la kwanza hadi miaka 9 hadi 11, la pili hadi 10 hadi 12. Shimo linaloonekana mtoto akiwa na miaka minne lina miaka sita hivi ya kuendelea kuchimba. Nalo huchimba haraka, maana enameli (gamba gumu la nje) ya jino la utotoni ina takriban nusu ya unene wa enameli ya jino la kudumu, na kiini chake ni kikubwa ukilinganisha na jino lenyewe.

Kabla ya yote, hesabu meno. Anzia katikati ya taya kwenda nyuma: la kwanza na la pili ni meno ya mbele, la tatu ni chonge, la nne na la tano ni magego ya utotoni. La sita ni gego la kudumu. Hilo huota karibu na miaka 6, nyuma ya mengine yote, bila jino lolote kung'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni. Likitoboka, mazungumzo ni tofauti kabisa, kwa sababu halina jingine la kulirithi. Yanayofuata hapa yanahusu la nne na la tano, na kidogo meno ya mbele.

Maumivu yanasema nini

Mtoto asiyelalamika kabisa, au anayeshtuka kidogo akila kitu kitamu au baridi kisha maumivu yakaisha mara moja, kwa kawaida ana kiini kilicho hai. Njia karibu zote ziko wazi kwake.

Maumivu yanayokuja yenyewe bila kula chochote, yanayomwamsha usiku, au yanayodumu muda mrefu baada ya chakula, yanaonyesha kiini kimeumia kiasi cha kutopona chenyewe. Hapo kupaka dawa au kufunika juu hakutoshi. Kuna mtego mmoja hapa: chakula kikikwama kati ya magego mawili hukandamiza ufizi na kuuma vikali, hata kiini kikiwa kizima. Daktari hutofautisha kwa kugonga jino taratibu, kutazama ufizi, na kupiga picha ndogo ya eksirei ambayo mtoto huing'ata. Picha hiyo ndiyo inayoonyesha pia uozo uliojificha kati ya meno, ambao jicho haliuoni.

Kipele chenye usaha kwenye ufizi, au jino linalocheza kabla ya umri wake, ni dalili kwamba kiini kimekufa na maambukizi yamefika kwenye mfupa. Mara nyingi maumivu hukoma katika hatua hii. Mzazi hupumua akidhani jino limepona, ilhali kilichokufa ni uwezo wa jino kuhisi.

Uso ukivimba, mtoto akiwa na homa, jicho likianza kufumba kwa uvimbe, au akishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje miadi ya daktari wa meno.

Njia tano kwa kulinganisha

| Njia | Sindano ya ganzi | Inafaa zaidi | Udhaifu mkubwa |
|---|---|---|---|
| Dawa ya fedha | Hapana | Shimo lililo wazi, mtoto mdogo sana au mwoga | Weusi wa kudumu; shimo linabaki; hurudiwa |
| Kuziba | Mara nyingi ndiyo | Shimo dogo la upande mmoja | Huachia likiwa la pande mbili |
| Kofia ya chuma kwa njia ya Hall | Hapana | Gego lililooza kati ya meno, kiini kizima | Rangi ya chuma. Mara nyingi ziara mbili |
| Kutibu kiini, kisha kofia | Ndiyo | Uozo umefika kwenye kiini, mizizi bado salama | Muda mrefu kwenye kiti |
| Kung'oa | Ndiyo | Usaha, au jino lisilojengeka tena | Nafasi ya jino la kudumu inaweza kupotea |

Dawa ya fedha

Jina lake ni silva diamini floridi, na inayotumika sana ina nguvu ya asilimia 38. Madini ya fedha huua bakteria, floridi huyakaza madini ya jino yaliyolainika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Daktari hufuta mabaki ya chakula, hupaka mafuta ya mgando kwenye midomo na ufizi ili visipate madoa, hukausha jino kwa pamba, kisha hugusa shimo kwa kibrashi kidogo na kuiacha dawa kama dakika moja. Tone moja hutosha meno kama matano. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hahitaji hata kupanda kiti: mzazi na daktari hukaa wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto akilala mapajani kichwa kikiwa upande wa daktari.

Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo; enameli nzima haibadiliki rangi. Mzazi aelezwe hili kabla, tena aonyeshwe picha, maana kwenye meno ya mbele weusi huo huonekana kila mtoto anapocheka. Weusi ulio mgumu ndiyo alama ya mafanikio. Shimo likibaki la kahawia na laini baada ya wiki chache, uozo bado unaendelea, na dawa hupakwa tena. Doa likigusa ngozi hufifia kwa wiki moja au mbili. Likigusa nguo halitoki.

Watu wengi hukosea kwa kudhani ni tiba ya mara moja. Kupaka mara mbili kwa mwaka huzuia uozo vizuri kuliko mara moja, na anayeacha baada ya ziara ya kwanza huenda akakuta uozo umeamka. Pia dawa haijazi shimo. Chakula kitaendelea kuingia, kwa hiyo mswaki lazima ufike hapo. Kwa uozo uliojificha kati ya magego mawili, ambako mswaki haufiki, dawa hii peke yake ni chaguo dhaifu. Haitumiki kabisa kwa mtoto mwenye mzio wa madini ya fedha, mwenye vidonda kinywani, au ambaye kiini cha jino kimeshaathirika.

Faida yake moja haisemwi vya kutosha: hainyimi nafasi ya njia nyingine. Mtoto wa miaka miwili anaweza kupakwa sasa, na akifika miaka minne au mitano, akiwa amezoea kiti, shimo hilo hilo likazibwa.

Kuziba

Hapa swali la kuuliza ni: shimo linagusa pande ngapi za jino? Shimo la juu tu, pale mtoto anapotafunia, lina kuta pande zote, na kizibo hukaa vizuri. Shimo lililoanzia kati ya magego mawili na kutokea juu limekosa ukuta mmoja. Kizibo chake hubeba mgandamizo wa kutafuna ukingoni mwa jino dogo, lenye kuta nyembamba, ndani ya kinywa chenye mate ya mtoto asiyetulia. Ndiyo maana vizibo vya pande mbili huvunjika au kuachia mara nyingi zaidi.

Vifaa viwili hushindana. Kompoziti ina nguvu na rangi ya jino, lakini haisamehe mate: tone moja likiingia wakati wa kubandika, kizibo huanza kuvuja pembeni. Simiti ya glasi ayonoma ni dhaifu zaidi kwa kutafuna, ila huvumilia unyevu kidogo, hujishikiza kwenye jino yenyewe na hutoa floridi taratibu. Kwa mtoto anayegeuza kichwa kila dakika, glasi ayonoma iliyowekwa vizuri ni bora kuliko kompoziti iliyolowa.

Ipo njia ya kuziba bila mashine ya kuchimba. Daktari hukwangua uozo laini kwa zana za mkono, kisha hukandamiza glasi ayonoma kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta ya mgando. Njia hii ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na sasa hutumika duniani kote. Mara nyingi haihitaji sindano. Kwa mashimo ya upande mmoja matokeo yake ni mazuri sana. Kwa ya pande mbili hushuka wazi. Baada yake mtoto asile chochote kwa saa moja.

Daktari akiacha uozo kidogo karibu na kiini kisha akaufunika, usimdhanie uvivu. Kuchimba hadi chini kabisa kunaweza kutoboa kiini kilichokuwa salama, ilhali bakteria waliofungiwa pasipo chakula hudhoofika. Kinachotakiwa ni kingo safi na kizibo kisichovuja.

Kofia ya chuma

Kwa gego lenye uozo kati ya meno na kiini kizima, hii ndiyo njia tunayoiona bora kwa watoto wengi wa miaka 3 hadi 8. Wazazi wengi huikataa kwa sababu ya rangi yake kabla ya kuuliza itadumu kiasi gani.

Kofia hizi za chuma kisichoshika kutu hutengenezwa kiwandani kwa saizi mbalimbali. Zamani zilivalishwa baada ya sindano na kusaga jino pande zote. Daktari Norna Hall wa Scotland alianza miaka ya 1980 kuzivalisha bila sindano, bila kuchimba na bila kuondoa uozo: jino linafunikwa lote, bakteria wanakosa sukari, uozo unasimama. Hiyo ndiyo njia ya Hall. Jambo hilo liliwashtua wengi. Jaribio lililofanywa huko Scotland, ambalo matokeo yake ya miaka mitano yalichapishwa 2011, lilionyesha kuwa magego yaliyovalishwa hivi yalipata maumivu na usaha mara chache kuliko yaliyozibwa kwa kawaida.

Ziara ya kwanza, kama meno yamebanana, daktari huingiza vipete vidogo vya mpira mbele na nyuma ya gego. Hukaa siku 3 hadi 5 na kufungua nafasi. Mtoto huhisi kubanwa, kama kuna nyama iliyonasa. Kipete kikitoka chenyewe usikirudishe, mjulishe daktari. Uzi wa kusafishia meno usipite hapo.

Ziara ya pili mtoto hukaa wima na kuwekewa shashi nyuma ya ulimi ili kofia isiteleze kwenda kooni. Daktari hujaribu saizi hadi apate inayolifunika jino lote na kurudi nyuma kidogo anapoisukuma, huijaza glasi ayonoma, kisha huikandamiza kwa kidole au humwambia mtoto ang'ate kwa nguvu. Simiti inayotoka pembeni hufutwa, naye hung'ata pamba dakika mbili au tatu.

Mambo mawili humtia mzazi hofu bila sababu. Ufizi huwa mweupe mara tu kofia inapoingia. Hurudi rangi yake baada ya dakika chache. La pili, mtoto akifunga mdomo meno mengine hayakutani, kwa sababu kofia imeinua utafunaji. Hali hii hujisawazisha ndani ya wiki chache, na watoto huzoea mapema kuliko watu wazima wanavyotarajia. Mpe chakula laini siku ya kwanza. Kofia ya gego la juu na la chini za upande mmoja huwekwa kwa nyakati tofauti, la sivyo kinywa huinuka mno.

Kofia hung'oka pamoja na jino wakati wake ukifika. Ikiachia mapema, ihifadhi na uende nayo kliniki ndani ya siku chache. Mara nyingi huvalishwa tena. Haivalishwi kwa jino lenye usaha au maumivu ya usiku, wala kwa mtoto mwenye mzio wa nikeli. Zipo kofia nyeupe za zirkonia, aina ya kauri ngumu, lakini hazikunjiki kulifuata jino. Hudai sindano na kusaga sana. Kwa meno ya mbele zina maana. Kwa gego la nyuma gharama hiyo ya jino ni kubwa mno kwa faida ya rangi.

Uozo ukifika kwenye kiini

Ikiwa sehemu ya juu ya kiini imeambukizwa lakini ya mizizini ni nzima, daktari huondoa ile ya juu, husimamisha damu, huweka dawa, kisha huvalisha kofia. Damu isipokoma kwa kubanwa na pamba dakika chache, hiyo ni ishara kwamba maambukizi yameshuka mizizini, na mpango hubadilika papo hapo. Muulize daktari kabla ya kuanza: "Ikitokea hivyo, utafanya nini?" Jino lililotibiwa hivi likiishia kwenye kizibo cha kawaida bila kofia liko hatarini kuvuja na kupasuka.

Kung'oa

Kuna meno ambayo kung'oa ndiyo huruma: lenye usaha unaorudi, lililobaki kisiki, au lililokaribia kung'oka lenyewe. Dawa za kuua bakteria hutuliza uvimbe kwa muda lakini haziondoi chanzo kilichomo ndani ya jino, kwa hiyo usaha hurudi zikiisha.

Hasara kubwa ni nafasi. Gego la pili la utotoni likiondolewa kabla ya gego la kudumu la nyuma yake kuota au kukaa sawa, lile la kudumu huegemea mbele na kuziba njia ya jino linalosubiri chini ya ufizi. Kwa hiyo uliza kuhusu kishika nafasi: pete ya chuma kwenye jino la jirani yenye kitanzi cha waya kinachoziba pengo. Hukaguliwa kila miezi michache na huondolewa jino jipya linapochomoza. Kikisahaulika, chenyewe ndicho kinachozuia jino kutoka. Kwa meno ya mbele ya utotoni, mara nyingi hakihitajiki.

Baada ya kung'oa, mtoto ang'ate shashi dakika 20 hadi 30. Ganzi hudumu saa mbili au tatu, na katika muda huo watoto hutafuna mdomo au shavu lao bila kujua hadi likavimba. Mkalie karibu na usimpe chakula hadi ahisi mdomo wake. Asisukutue wala kunyonya kwa mrija siku hiyo. Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa nafasi ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa saa 24. Aspirini asipewe mtoto, wala isiwekwe juu ya ufizi, maana huunguza.

Mtoto wako yuko wapi katika haya

Mwenye miaka miwili, meno manne ya juu ya mbele yameliwa na uozo pembezoni mwa ufizi, hana maumivu: dawa ya fedha, na kuacha chupa ya maziwa au kinywaji kitamu kitandani. Mwenye miaka mitano, gego limeoza kati ya meno, hushtuka kwa vitu vitamu tu: kofia ya chuma. Mwenye miaka sita, shimo dogo la juu peke yake: kuziba. Mwenye miaka tisa na nusu, gego la kwanza limeoza, haliumi na eksirei inaonyesha mizizi imeyeyuka sana: kulipaka dawa ya fedha na kulisafisha hadi liondoke kunaweza kutosha. Mwenye miaka minne na magego sita mabovu asiyekubali kufungua mdomo: hapo ndipo kutibiwa yote akiwa katika usingizi wa dawa kunapojadiliwa, hospitalini, na mtaalamu wa usingizi akiwepo. Kazi ikifanywa hivyo, chagua njia zinazodumu, yaani kofia na kung'oa, kuliko vizibo vingi vitakavyomrudisha kulazwa tena.

Njia yoyote uliyochagua, bakteria waliotoboa jino moja bado wamo kinywani. Tumia dawa ya mswaki yenye floridi isiyopungua 1,000 ppm (sehemu 1,000 kwa kila milioni): kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Mtoto ateme povu bila kusukutua kwa maji. Mzazi mwenyewe ashike mswaki hadi mtoto afikishe miaka 7 au 8, mara mbili kwa siku, na ya usiku isikosekane, kwa sababu mate hupungua mtoto akilala. Omba vanishi ya floridi ipakwe kila miezi 3 hadi 6, na katika ziara hizo hizo kofia, kizibo au sehemu iliyopakwa dawa ya fedha ikaguliwe. Mara moja kwa mwezi inua mdomo wa juu wa mtoto mahali penye mwanga. Mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi ni uozo ambao haujatoboa bado, na unaweza kurudishwa nyuma kwa floridi na mswaki bila njia yoyote kati ya hizi tano.